Pancha ya tyubu na pancha ya tyublesi, tofauti yake ni nini hasa

Mtu akisema "nimepata pancha" inasikika kama kitu kimoja, ila pancha ziko mbili na ukizichanganya unaweza kuua tairi zima.

Tairi la tyubu, kama la baiskeli au bodaboda nyingi zenye rimu za spoki, upepo haukai kwenye tairi, unakaa kwenye ule mpira mwembamba wa ndani, tairi la nje linaulinda tu na kushika barabara. Mwiba ukiutoboa mpira, upepo unatafuta njia hadi kwenye matundu ya spoki na pale inapotokea vali, ndo maana pikipiki inalala ghafla. Tyublesi haina huo mpira, tairi lenyewe ndo linashika upepo, ndani lina tabaka lisilopitisha hewa na kingo zake zimebana rimu. Msumari ukiingia, mara nyingi wenyewe unaziba tundu lake, upepo unavuja taratibu na unawahi kufika kwa fundi. Kwa hiyo ukiuona tafadhali USIUCHOMOE njiani, labda kama una vifaa na pampu.

Tyubu inazibwa hivi: inatolewa, inajazwa upepo, inazamishwa kwenye beseni la maji uone mapovu yanapotokea, inakaushwa, inapigwa msasa, inapakwa solusheni halafu kiraka. Kwenye solusheni ndo pagumu, maana mteja ana haraka na fundi naye ana foleni, basi kiraka kinabandikwa gundi ikiwa mbichi, wakati inatakiwa uiache dakika kadhaa mpaka ukigusa haikai kidoleni, ile gundi inaunganisha mpira na mpira, haishiki kama gundi ya karatasi. Mimi nasimama pale pale namwambia fundi asubiri, hata akinuna. Pia kabla ya kurudisha tyubu pitisha mkono polepole ndani ya tairi lote, mwiba ukibaki humo utatoboa tena kabla hujafika nyumbani. Na ukikuta vitundu viwili sambamba usitafute msumari, hapo upepo ulikuwa mdogo, ukaingia shimo na rimu ikaibana tyubu.

Tyublesi wengi wanaziba bila hata kutoa tairi: tundu linasafishwa kwa chuma chenye meno, kisha utepe wa mpira unaonata kama lami unasukumwa ndani kwa sindano kubwa, unaobaki nje unakatwa. Inakufikisha, lakini iliyo imara zaidi ni kutoa tairi na kuziba kwa ndani, kwa kiraka chenye shina kama uyoga, shina linajaza tundu na kiraka kinazuia hewa. Hiyo ni kwa pancha ya pale tairi linapokanyaga barabara tu, na kwa gari dogo tundu lisizidi milimita 6. Ubavuni hapazibwi kwa sababu panajikunja kila tairi likizunguka. Na kama uliendesha limelala ukakuta unga mweusi wa mpira ndani, mbavu zimeshasagika, hilo ni la kutupa.

Wapo wanaotia tyubu ndani ya tyublesi. Inatembea, ila kuanzia siku hiyo una tairi la tyubu, msumari ukiingia usitegemee tena kuvuja taratibu.