Utayari wa triathloni ndefu: maana yake, na namna ya kujipima ukiwa Malindi

Triathloni ni mashindano ya michezo mitatu inayofuatana: unaogelea, unapanda baiskeli, kisha unakimbia. Saa haisimami hata unapobadilisha viatu. Ile inayochezwa Olimpiki tangu Sydney mwaka 2000 ni fupi: mita 1,500 majini, kilomita 40 za baiskeli na kilomita 10 za miguu. Ndefu ni habari nyingine. Ndefu kamili, ambayo wengi huijua kwa jina la Ironman, ni kilomita 3.8 za kuogelea, 180 za baiskeli na 42.2 za kukimbia. Nusu yake, 70.3, imepewa jina hilo kwa jumla ya maili zake. Kwa kilomita ni 1.9, 90 na 21.1.

Ili mtu wa Malindi azione hizo 180: toka hapa mjini uende mpaka Mombasa, ugeuze, urudi mpaka Kilifi. Ukishuka Kilifi, vaa viatu uanze marathoni. Na kabla ya hayo yote ulikuwa baharini.

Utayari wa safari hiyo, kwa maneno mafupi, ni kuweza kufika mwanzo wa mbio za miguu ukiwa bado na nguvu za kukimbia, ndani ya muda uliowekwa, bila kuuponza mwili. Watu wengi hujipima kwa njia nyingine. Utamsikia kijana akisema, "Kaka, naogelea kilomita mbili, baiskeli naenda Kilifi na kurudi, nusu marathoni nishamaliza. Nimebakisha nini?" Amebakisha kuviunganisha. Aliogelea Jumanne, akaendesha Jumamosi, akakimbia mwezi uliopita, na kila mara alianza akiwa amelala na amekula. Mchezo huu unampima mtu aliyekwisha kuchoka.

Tuanze na muda, kwa kuwa ndio hakimu asiyebembelezwa. Kila shindano lina kanuni zake, lakini kwa ndefu kamili muda uliozoeleka ni saa 17, na katikati kuna milango inayofungwa: kuogelea saa 2 na dakika 20, baiskeli iwe imekwisha saa 10 na nusu tangu kuanza. Zigawe hizo. Majini una dakika 3 na sekunde 41 kwa kila mita 100. Ukitoka majini kwa saa moja na dakika 40, ukatumia robo saa kubadilisha nguo, baiskeli inakudai wastani wa kilomita 21 kwa saa, na wastani huo unahesabu pancha, kunywa maji na kwenda haja. Zinazobaki ni saa 6 na nusu za marathoni, yaani dakika 9 na kidogo kwa kilomita. Ukitazama vizuri utaona kwamba mkimbiaji wa kawaida hatolewi na mbio za miguu zenyewe. Hutolewa na mambo aliyoyafanya kabla yake.

Sasa bahari, na hapa ndipo watu wa pwani tunapojidanganya zaidi. Aliyekulia Shela au Mayungu anaijua bahari, haiogopi, na hilo ni mtaji mkubwa. Lakini kuogelea kwa kuifuata mashua iliyotia nanga, kichwa kikiwa nje, ni mita mia mbili hivi. Kichwa kikiwa nje kiuno kinazama, miguu inaburura, na kila mita inakula nguvu utakazozihitaji saa tano baadaye. Mtu anayetaka kilomita mbili au nne lazima ajifunze kulaza uso majini, kupumulia pembeni, na kuinua macho tu kila baada ya mikono sita au minane kutafuta alama. Ukiwa ghuba ya Malindi, Nguzo ya Vasco da Gama inatosha: nyeupe, iko juu ya jabali, unaiona hata maji yakichafuka.

Na yatachafuka. Majira ya kaskazi, tope la mto Sabaki husukumwa kusini likaingia ghubani, na kuna siku huoni kiganja chako ukiwa umenyoosha mkono. Wengi huziacha siku hizo wakahamia ufuo wa Silversands au kwenye bwawa la hoteli. Mimi ningesema usiziache zote. Hofu ya kutoona chini ni mojawapo ya mambo yanayowashika watu kifua asubuhi ya mashindano, wakiwa katikati ya mamia ya wenzao wanaopigana viwiko, na ni afadhali ukutane nayo ukiwa na mwenzako kwenye mtumbwi hatua chache kutoka kwako. Bwawa nalo lina hila yake: kila ukigeuka na kujisukuma ukutani umepumzika. Aliyezoea bwawa fupi akiingia baharini hushangaa mabega yanavyouma kwenye nusu kilomita ya kwanza.

Chagua saa za maji kujaa, na siku za maji mafu kuliko za bamvua. Wakati wa bamvua tofauti ya kujaa na kupwa kwenye pwani yetu hupita mita tatu, na mkondo wake haumwulizi mtu mazoezi aliyofanya. Ogelea sambamba na ufuo, usielekee nje, na ujifunge boya la rangi kali kiunoni, maana boti za watalii haziangalii vichwa. Kwa mwenye nia ya nusu, kipimo changu ni kilomita mbili za bahari bila kushika kitu wala kusimama, ndani ya saa moja, halafu utoke ukiwa unaweza kuongea sentensi nzima. Ukitoka ukihema na macho mekundu, hata kama muda ulitimia, bado.

Baiskeli ndiyo inayochukua nusu ya siku nzima au zaidi, na ndiyo inayoamua hali ya miguu. Barabara ya kusini kupitia Msabaha na Gede ni tambarare, jambo linalofurahisha, lakini upepo wake ni mwongo. Wakati wa kusi unatoka Malindi ukipigwa usoni mpaka Gede, ukigeuza unapeperushwa hadi nyumbani, na saa yako inakuonyesha wastani wa kupendeza. Usiuamini. Tazama kasi yako ya kwenda, ile ya upepo wa mbele, na jiulize kama ungeweza kukaa nayo kwa saa tano huku mapigo ya moyo yametulia. Ukiweza kuzungumza na mwenzako bila kukatika pumzi, ndiyo kasi yako. Kaskazi ikiingia mambo hugeuka: unakwenda kwa raha, kurudi ni adhabu, na hayo ni mazoezi mazuri zaidi kwa kuwa ugumu unakukuta ukiwa umechoka.

Toka mara baada ya sala ya alfajiri. Kufikia saa tatu matatu za Mombasa zimeshika kasi, tuktuk zinakata kona bila ishara, na upande wa kaskazini kuna malori ya chumvi kutoka Gongoni. Na ujue kubadilisha tyubu mwenyewe. Fundi baiskeli hodari kuliko wote mjini hatakuwepo kilomita ya 70.

Kula ndiko kunakotofautisha mbio ndefu na fupi, nami jambo hilo nalipa uzito kuliko aina ya baiskeli. Wanga uliohifadhiwa kwenye misuli na ini hutoa kama kalori 2,000 tu. Siku nzima ya mbio kamili hudai mara kadhaa ya hizo. Pengo hilo huzibwa kwa mafuta ya mwili, yanayoungua polepole, na kwa unachokula njiani. Tumbo la kawaida hupokea kiasi cha gramu 60 za wanga kwa saa, na hupokea hivyo likiwa limezoezwa. Tende ndogo moja ina gramu sita hivi, kwa hiyo ni tende kumi kila saa kama huna kingine, na nyuzinyuzi zake zitakufanya ukitafute choo. Changanya: tende mbili tatu, kipande cha halua, maji yenye sukari na chumvi, ndizi. Mahamri ni mazuri kwa chai ya asubuhi, lakini mafuta yake hukaa tumboni. Muhimu ni kwamba chochote utakachokula siku ya mashindano, tumbo lako liwe limekila mara nyingi juu ya baiskeli, jua likiwaka.

Katika mashindano ya kwanza kabisa ya Ironman, kisiwa cha Oahu, Hawaii, tarehe 18 Februari 1978, walianza watu 15 na wakamaliza 12. Gordon Haller alishinda kwa saa 11 na dakika 46. Wa pili, John Dunbar, aliishiwa maji kwenye marathoni na wasaidizi wake wakampa bia. Siku hizo hakuna aliyejua vizuri mwili unataka nini kwa muda mrefu hivyo. Leo tunajua, kwa hiyo kuishiwa maji si ushujaa.

Kuzidisha maji nako kuna hatari yake. Anayekunywa maji matupu mengi kwa saa nyingi hushusha chumvi ya damu. Kichwa kinauma, vidole vinavimba hadi pete inabana, anaanza kuchanganyikiwa, na watu wanaomwona hudhani ana kiu wakamwongezea maji. Inaweza kuua. Dafu lina potasiamu nyingi lakini chumvi yake ni kidogo, halitoshi peke yake. Njia nyepesi ya kujijua ni mizani: jipime kabla ya kukimbia saa moja, jipime tena baadaye ukiwa umejifuta jasho, na kila kilo iliyopotea ni kama lita moja. Fanya hivyo Machi, joto la Malindi likiwa kali, na tena Julai. Utashangaa.

Kuhusu kukimbia sina mengi. Kinachotakiwa ni kuizoesha miguu kushuka kwenye baiskeli na kwenda. Dakika kumi za kwanza mapaja huwa si yako. Kila wiki, baada ya safari ndefu ya baiskeli, kimbia nusu saa papo hapo, kabla hujaketi, kabla hujajibu simu. Na jifunze kutembea kwa haraka. Wengi wanaomaliza kwa heshima hutembea kila kituo cha maji na kukimbia katikati.

Kipimo ninachokiamini kuliko vyote hakimo barabarani. Kimo Jumatatu. Umefanya Jumamosi saa nne za baiskeli na nusu saa ya kukimbia, Jumapili ukakimbia saa moja na nusu polepole. Jumatatu unaamkaje? Ukienda dukani au shuleni ukafanya kazi yako, usiku ukalala, mapigo ya moyo ya alfajiri yakawa yale yale ya siku zote, mwili unaubeba mzigo huo. Ukiwa unashuka ngazi kwa kushikilia ukuta, una hasira na watoto, usingizi haushiki, na hali hiyo inarudi wiki kwa wiki, basi unalipia mazoezi kwa akiba ambayo huna. Kuongeza kilomita hapo hakusaidii.

Nyumbani nako kuna hesabu. Mazoezi ya ndefu kamili hufika saa kumi au zaidi kwa wiki kwa miezi mingi, na saa hizo zinatoka kwa mtu: mke, mume, wazazi, mwenye duka. Wakubaliane mapema. Kwa anayefunga, Ramadhani ni mwezi wa kushikilia ulichonacho tu, kwa mazoezi mafupi baada ya futari, si wa kujenga. Na kwa kuwa husogea nyuma siku kama 11 kila mwaka, chagua mashindano yanayokuachia angalau miezi mitatu baada ya Idi.

Daktari pia. Vifo vingi vinavyotokea kwenye triathloni hutokea majini, na wengi wanaokufa ni wanaume wa umri wa kati walioonekana wazima. Aliyepita miaka 40, au ambaye baba au nduguye alikufa ghafla kwa moyo, apimwe presha na umeme wa moyo kabla ya kulipa kiingilio. Kifua kubana, kuzirai au moyo kuruka wakati wa mazoezi si "uchovu tu".

Je, mtu aanze na kamili au nusu? Rai yangu ni nusu, na kabla yake hata fupi moja, walau ajue vurugu za kuanza pamoja majini. Ukijitungia jaribio lako hapa, liwe hivi: kilomita 1.5 za bahari maji yakiwa yamejaa, kilomita 70 za baiskeli, kisha 10 za miguu, vyote asubuhi moja kwa chakula ulichokipanga. Ukizimaliza hizo 10 ukikimbia zaidi ya kutembea, na Jumatatu ikapita salama, jiandikishe kwa nusu. Kwa aliye Afrika Mashariki iko Ironman 70.3 ya Rubavu, Rwanda, iliyofanyika mara ya kwanza Agosti 2022, kando ya Ziwa Kivu. Maji yake ni baridi kidogo kuliko yetu na hayana chumvi, kwa hiyo hayakuinui kama bahari. Ziwa lenyewe liko mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, na barabara zake zina vilima ambavyo Malindi nzima haina. Anayekwenda huko atafute mahali pa kupanda miezi miwili au mitatu kabla, na kwa sisi wa pwani mlima unaofikika kwa basi ni wa Taita, barabara ya kutoka Mwatate kwenda Wundanyi.