Mwachieni koko (babu au bibi) kazi: nguvu za miguu na furaha ya moyo baada ya miaka 60

Katika nyumba nyingi za Bukavu, mashariki mwa Kongo, mzee akishika ndoo, mtoto anairukia. Akiinuka kutafuta chumvi, mjukuu anatumwa. "Koko, ikala tu, sisi tutafanya." Maneno hayo yanatoka kwenye upendo, na hakuna anayepaswa kuyaonea haya. Lakini sisi tunaofanya kazi ya kurudisha nguvu za viungo tunaona matokeo yake kila wiki: mama mwenye miaka 68 ambaye hana ugonjwa wowote wa kutaja, ila hawezi tena kuinuka kwenye kiti bila kuvutwa mkono. Hakuna kilichovunjika. Misuli ya mapaja imekosa kazi, ikapungua.

Misuli huanza kupungua polepole kuanzia umri wa miaka 30 na kitu, na baada ya 60 kasi hiyo inaongezeka. Kulala kitandani kunaiongeza sana. Watafiti wa Marekani waliwahi kuwalaza wazee wenye afya nzuri kwa siku 10 mfululizo, na katika siku hizo chache miguu yao ilipoteza karibu kilo 1 ya nyama. Siku 10 ni muda wa malaria moja iliyochelewa kutibiwa. Ndiyo maana mzee anatoka kitandani na homa imeisha, lakini ngazi tatu za mlangoni zinamshinda, na familia inasema "ni uzee".

Habari njema ni kwamba misuli haiulizi umri inapopewa kazi. Mwaka 1990, huko Boston, wazee dhaifu wenye wastani wa miaka 90 walifanyishwa mazoezi ya mapaja kwa wiki 8, na nguvu zao ziliongezeka kwa wastani wa 174%. Walifanya kazi nzito, inayopanda kidogo kidogo, chini ya usimamizi. Kutikisa mikono ukiwa umekaa si kubaya, ila hakumrudishi mtu kwenye miguu yake.

Anza kwa kujipima. Tafuta kiti cha kawaida kisicho na mikono, chenye kimo cha sentimita 43 hadi 45, yaani kiti cha mezani. Kigoda cha kukaa karibu na mbabula (jiko la makaa) hakifai kwa kipimo hiki. Egemeza kiti ukutani ili kisiteleze. Kaa katikati, kunja mikono kifuani, mtu wa pili ashike saa. Kwa sekunde 30, inuka mpaka usimame wima, kaa, inuka tena. Hesabu mara ngapi umesimama. Mwanamume wa miaka 65 hadi 69 anayepata chini ya 12, au mwanamke wa umri huo anayepata chini ya 11, ana miguu dhaifu kuliko wenzake na hatari yake ya kuanguka ni kubwa zaidi. Kwa miaka 75 hadi 79, mipaka ni 11 kwa mwanamume na 10 kwa mwanamke. Asiyeweza kuinuka hata mara moja bila mikono, hesabu yake ni sifuri, na huyo ndiye mwenye faida kubwa zaidi ya kuanza leo. Andika namba kwenye daftari.

Kipimo hicho hicho ndicho zoezi la kwanza. Kaa karibu na ukingo wa mbele wa kiti. Nyayo zote mbili ziguse chini, zimeachana upana wa mabega, visigino vimerudishwa nyuma kidogo ya magoti. Inamisha kifua mbele mpaka pua ipite juu ya vidole vya miguu, kisha sukuma ardhi kwa miguu na usimame. Kurudi chini ndiko kwenye faida kubwa: hesabu moja, mbili, tatu kabla makalio hayajagusa kiti. Fanya mara 5, pumzika dakika 1 au 2, rudia mpaka mafungu matatu. Siku tatu kwa wiki zinatosha, kwa mfano Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, maana misuli inajijenga siku ya mapumziko. Ukifika mara 12 bila kuhangaika, ongeza uzito: shika kifuani bidoni yenye lita 2 za maji, baadaye lita 3.

Makosa tunayoyaona ni yale yale. Mtu ameweka miguu mbele sana, anajaribu kuinuka huku mgongo umenyooka, anarudi kitini kama gunia, na anaamua kwamba hawezi. Mwingine anajiachia wakati wa kukaa, na uti wa mgongo unapokea kishindo. Wengine magoti yanaingia ndani na kugusana. Wafunge mkanda wa kitenge usiobana juu ya magoti, wausukume kwa nje wakati wa kuinuka. Na wengi wanabana pumzi, jambo linalopandisha presha ghafla. Toa pumzi unapoinuka, au hesabu kwa sauti. Anayehesabu hawezi kubana pumzi. Kama kiti ni kifupi mno kwako, kunja blanketi mara nne uweke juu yake, na uliondoe wiki nguvu zinapokuja.

Magoti yakiuma je? Maumivu madogo yanayotulia siku hiyo hiyo hayaharibu goti. Kama yanabaki mpaka kesho yake, au goti linavimba, punguza idadi kwa nusu lakini usiache. Goti lililochakaa likinyimwa mwendo linazidi kukauka.

Zoezi la pili ni la msawazo, na linafanyika jikoni huku ukisubiri maharagi yaive. Simama karibu na meza nzito au ukuta. Kwanza miguu pamoja, sekunde 10. Kisha mguu mmoja utangulie nusu. Kisha kisigino cha mbele kiguse vidole vya nyuma, kama unayetembea juu ya kamba. Asiyefikisha sekunde 10 katika hali hii ya tatu yuko karibu na kuanguka, hata kama hajawahi kuanguka bado. Ongeza kuinuka kwa vidole mara 10, ukishikilia juu kwa sekunde 2. Hakikisha kitu unachokiegemea hakina magurudumu na si mbabula yenye moto.

Shirika la Afya Duniani linawashauri wenye miaka 65 na zaidi watembee au wafanye kazi ya kutoa jasho kidogo kwa dakika 150 hadi 300 kwa wiki, mazoezi ya nguvu angalau siku 2, na ya msawazo siku 3. Dakika 150 ni nusu saa kwa siku 5, na zinaweza kukatwa vipande vya dakika 10. Kasi inayofaa ni ile ambayo unaweza kuongea lakini huwezi kuimba. Kwenda sokoni, kulima bustani ya lengalenga, kufagia uwanja: vyote vinahesabiwa.

Hapa kwetu vilima vinatufanyia nusu ya kazi. Mtu wa mtaa wa Kadutu anayeshuka mjini na kupanda tena amefanya zoezi ambalo watu wa tambarare wanalitafuta kwa ngazi. Lakini kupanda na kushuka ni mambo mawili. Kupanda kunachosha moyo na pumzi. Simama kila baada ya hatua 30 au 40 kama unahitaji, si aibu. Kushuka hakuchoshi pumzi, kwa hiyo watu wanakudharau, na huko ndiko mapaja yanafanya kazi ya kufunga breki kwa kila hatua. Mapaja yakichoka, goti linakunjika lenyewe. Shuka kwa hatua fupi, magoti yamelegea kidogo, ukikata njia kwa mshazari badala ya kuielekea moja kwa moja. Usirudishe mwili nyuma kwa woga: uzito wote unahamia kisiginoni, na kisigino juu ya matope kinateleza. Kuanzia Septemba mpaka Mei, mvua ikishanyesha, acha kandambili nyumbani. Vaa kiatu kinachoshika kisigino, chenye soli yenye meno. Na ule mzigo wa mgongoni unaoning'inia kwenye kamba ya paji la uso, mama aliyeubeba tangu ujana apunguze uzito wake na asishuke nao mteremko wenye utelezi.

Fimbo ina kanuni zake. Simama wima na viatu miguuni, mikono imening'inia: kichwa cha fimbo kifike kwenye mkunjo wa kiganja. Ndefu zaidi inainua bega, fupi zaidi inapinda mgongo. Ishike upande wa mguu mzima, si wa mguu unaouma. Wengi wanafanya kinyume. Ukipanda ngazi, tanguliza mguu mzima. Ukishuka, fimbo na mguu mbovu vitangulie. Fimbo ya mti ipigiliwe kipande cha mpira wa tairi chini, kibadilishwe kikilainika.

Kuanguka kwingi kunatokea nyumbani, na wengine huanguka usiku, njiani kwenda chooni, umeme umekatika. Unapolala kwa muda mrefu na kusimama ghafla, damu inabaki miguuni na kichwa kinazunguka. Dawa za presha, hasa zile za kukojoza, zinaongeza hali hiyo. Kaa ukingoni mwa kitanda dakika 1, kanyaga hewa kwa vifundo mara 10, ndipo usimame, na tochi iwe mahali mkono unapojua. Kizunguzungu kikirudi kila siku, kamweleze muganga (daktari) anayetoa dawa, usiziache mwenyewe.

Na mzee akianguka, watoto wasikimbilie kumvuta mikono: bega linaweza kutoka mahali pake. Mwacheni atulie, mwulizeni wapi panauma. Kama nyonga inauma sana, au mguu mmoja umekuwa mfupi na unyayo umegeukia nje, msimwinue wala kumsimamisha. Mfunikeni, mtafute usafiri ambao atalala amenyooka mpaka hospitali. Kama hakuna dalili hiyo, mwongozeni kwa maneno: ageukie ubavu, ajisukume mpaka magoti na viganja, atambae hadi kwenye kiti imara, aweke mikono juu ya kiti, alete mbele unyayo wa mguu wenye nguvu, asukume, ageuke, akae. Njia hii ifundishwe siku ya uzima, juu ya mkeka. Aliyeijua hakai tena na hofu ya kutoka nje, na hofu hiyo huwafungia wazee ndani kuliko maumivu yenyewe.

Chakula: misuli haijengwi na bugali wa muhogo peke yake, maana una protini kidogo sana. Mzee anahitaji gramu 1 hadi 1.2 za protini kwa kila kilo ya uzito kwa siku, yaani gramu 60 hadi 72 kwa mtu wa kilo 60. Kikombe cha maharagi yaliyoiva kina kama gramu 15, yai 6, gilasi ya maziwa 8, gramu 100 za sambaza mbichi (samaki wadogo wa ziwani) karibu 18. Zigawanywe asubuhi, mchana na jioni. Mtindo wa kumpa mzee chai na mkate kisha kumngoja mpaka usiku haumsaidii. Mwenye ugonjwa wa figo aulize kwanza kiasi chake.

Sasa moyo. Katika jimbo la Ohio, Marekani, watu 660 wenye miaka 50 na zaidi waliulizwa wanauonaje uzee wao wenyewe, wakafuatiliwa kwa takriban miaka 23. Walioutazama kwa matumaini waliishi miaka 7.5 zaidi ya wale walioutazama kama kuporomoka, hata baada ya afya na kipato chao kuzingatiwa. Maneno ya nyumbani yanaingia hapo. Anayeambiwa kila siku kwamba yeye ni wa kukaa, mwisho anaamini. Mpeni kazi yenye jina lake: yeye ndiye anayechagua maharagi, anayeshika daftari la likelemba (mchango wa kupokezana), anayewafundisha wajukuu lugha ya Mashi, anayeimba sauti ya nne kwenye korali. Ikiwa jambo linamchukua dakika 20 na ninyi mnaweza kulifanya kwa 5, mwachieni dakika zake 20.

Mzee aliyeanza kukwepa shirika la kanisa au kikao cha familia, msiseme haraka kwamba amekuwa mkali. Huenda hasikii au haoni vizuri. Nta ya sikio ni jambo la kawaida na kituo cha afya kinaweza kuitoa. Mtoto wa jicho nao unapasuliwa. Lakini kama huzuni, kukosa usingizi, kukosa hamu ya kula na kutopenda kitu alichokipenda vimeendelea zaidi ya wiki 2, huo ni ugonjwa unaotibika. Katika mji huu wengi wamezika watoto na kukimbia vijiji vyao, na msiba wa namna hiyo hauondoki kwa kuambiwa "jikaze".

Nani asianze bila kuonana na muganga? Mwenye maumivu ya kifua anapotembea, anayeishiwa pumzi akiwa amelala, mwenye mguu mmoja uliovimba ghafla, aliyepasuliwa karibuni, au mwenye presha isiyoshuka hata kwa dawa. Ukiwa kwenye zoezi na kifua kikabana, mdomo ukapinda au mkono mmoja ukalegea, acha hapo hapo na upelekwe hospitali.

Na baada ya homa yoyote iliyomlaza mzee, siku ya kwanza anapoweza kukaa, mkalisheni ukingoni mwa kitanda mara tatu. Siku ya pili asimame mara 5, mtu akiwa karibu. Siku ya tatu atembee mpaka mlangoni na kurudi. Baada ya wiki mbili, fungueni daftari, mpime tena sekunde zile 30, na muandike namba mpya chini ya ile ya zamani.