Maiko ni nani hasa, na mgeni anamtazamaje akicheza?

Watu wakisikia Kyoto, ule mji wa Japani, wanasema geisha, yaani mwanamke msanii wa kuburudisha wageni, halafu picha inayokuja kichwani ni ya binti uso mweupe pee, maua kichwani, kimono ya rangirangi na mkanda mrefu unaning'inia mgongoni mpaka karibu na visigino. Sasa huyo bado sio geisha, huyo ni maiko, yaani mwanafunzi wa kazi hiyo, na hata hilo neno geisha wenyeji wa Kyoto hawalitumii sana, wao wanasema geiko.

Maiko anaanza kwenye miaka 15 hivi, anahamia nyumba inaitwa okiya, mwenye nyumba anamwita mama na waliomtangulia anawaita dada. Nyumba ndo inabeba gharama zote, kimono, chakula, masomo, kwa miaka kama 5, na yeye anasoma kucheza, kupiga shamisen (ile ya nyuzi tatu), kupiga ngoma, kuandaa chai, mpaka kuongea kwa lafudhi ya Kyoto. Nywele ni zake kabisa, zinatengenezwa kama mara moja kwa wiki kwahiyo usiku anaweka shingo kwenye kimto kirefu kigumu zisivurugike (mimi hapo tu ningeshaaga nikarudi kwetu). Geiko yeye anavaa wigi. Miguuni maiko ana okobo, chukulia mtalawanda ila wa kimo cha sentimita 10 hivi, na akiwa mgeni kwenye kazi anapaka rangi mdomo wa chini tu.

Na niseme kabisa maana swali hili haliishi: hauzi mwili. Unacholipia ni sanaa na muda wake, na zamani muda huo ulikuwa unapimwa kwa vijiti vya udi, vimeungua vingapi ndo bili yako.

Shughuli yenyewe inaitwa ozashiki. Mnakaa chini kwenye chumba cha mikeka ndani ya ochaya (nyumba ya kupokelea wageni wa shughuli hizi), wageni wachache tu, maiko anakumiminia kinywaji, mnapiga stori, halafu anasimama anacheza huku dada mkubwa anapiga shamisen na kuimba. Hapa wageni wengi wanachanganyikiwa, wamezoea ngoma ni kiuno na vumbi, sasa wanaona mtu anageuza shingo taratiiibu, dakika chache imeisha, wanabaki wanatazamana. Ujanja ni kukiangalia kile kipepeo cha kujipepea alichoshika mkononi, maana kikikunjwa kinaweza kuwa kikombe, kikifunguliwa kikatikiswa ni mawimbi au maua yanapukutika, ukishalijua hilo macho hayabanduki. Na usitoe noti ukamtunze kama uko kwenye taarab, pesa haishikwi pale, bili inakuja baadaye.

Baada ya ngoma ni michezo, na hapa hata usiyejua neno la Kijapani unaingia. Kuna tora tora, mnajificha pande mbili za pazia kisha mnatokea kila mtu na umbo lake: shujaa anamshinda chui mkubwa wa milia, chui anamshinda bibi kizee, na bibi kizee anamshinda shujaa kwa sababu ni mama yake mzazi. Aliyeshindwa anakunywa.

Kuingia ndo kazi. Ochaya za kizamani hazipokei mtu asiyejulikana, lazima mteja wa siku nyingi akudhamini, na ukizingua aibu ni yake. Kwahiyo mgeni mara nyingi anapitia hoteli kubwa au mawakala, bei sio ya kitoto. Njia nafuu ni maonyesho ya jukwaani, mfano Miyako Odori ya mtaa wa Gion Kobu kila Aprili, iliyoanza 1872 wakati mji umeshapoteza mfalme kwa Tokyo na unatafuta namna ya kuvuta watu, au Kamogawa Odori ya mtaa wa Pontocho mwezi Mei. Unakata tiketi unakaa, basi.

Wale unaowaona mchana wanapiga pozi hekaluni mara nyingi ni watalii wenzako waliokodi nguo na kupakwa poda. Wa kweli anatoka jioni, anatembea haraka haombi picha, na walishasumbuliwa mpaka 2019 wakazi wa Gion wakapiga marufuku kupiga picha kwenye vichochoro vyao binafsi, bango limeandikwa faini yen 10,000. Ukimwona mpishe tu, anawahi kazini.