MPEG-4 kwenye boksi la deki si MP4 ya kwenye simu

"Deki imeandikwa MPEG-4, mbona inagoma kusoma MP4?" Swali hili halikauki kwenye vibanda vya kuingiza muvi na kwa mafundi, na jibu linalotolewa upesi ni kwamba deki ni feki. Mara nyingi deki haina kosa. Boksi limesema kweli, ila maneno mawili yamesomwa kama moja.

Maana kwa kifupi. Kodeki ni kanuni ya kubana picha au sauti ili ichukue nafasi ndogo, na kuifungua tena wakati wa kuonyesha. Kontena ni faili linalobeba picha na sauti zilizokwisha kubanwa, pamoja na jedwali la kuonyesha kipi kiko wapi. AVI, MP4 na MKV ni makontena. Xvid, H.264 na H.265 ni za upande wa kubana picha. Watu huziita zote "fomati", na mkorogo unaanzia hapo.

MPEG ni kifupi cha jina la kundi la wataalamu wa picha zinazotembea, lililoundwa mwaka 1988 chini ya ISO na IEC, mashirika ya kimataifa ya viwango. Kazi zao kubwa zilipewa namba. MPEG-1 ndiyo iliyotupa VCD, na MPEG-2 ndiyo iliyomo kwenye DVD za filamu. MPEG-3 haikufika mwisho, ilimezwa na MPEG-2. Kwa hiyo hata MP3 ya muziki haitokani nayo, ni tabaka la tatu la sauti la MPEG-1. (Hili nalo hukosewa mno.) Kisha ikaja MPEG-4, na hii si kitu kimoja. Ni kiwango chenye sehemu nyingi, na tatu kati ya hizo ndizo zinazogombanisha watu. Sehemu ya 2, ya mwaka 1999, ni namna ya kubana picha, na ndiyo inayofuatwa na DivX na Xvid. Sehemu ya 10, ya mwaka 2003, ni namna nyingine kabisa ya kubana picha, yaani H.264. Sehemu ya 14, ya mwaka 2003 pia, haibani chochote: ni kontena, lililojengwa juu ya muundo wa faili la QuickTime la Apple. Hilo ndilo lenye kiendelezi (herufi za mwisho za jina la faili) .mp4.

Sasa rudi kwenye boksi. Deki nyingi za DVD zenye tundu la USB zinapoandika MPEG-4 humaanisha Sehemu ya 2, tena ikiwa ndani ya AVI. Simu nyingi hurekodi H.264 ndani ya kontena la MP4, na nyingi mpya hutumia H.265, ambayo haimo kabisa kwenye MPEG-4. Chipu ambayo haikutengenezwa kufungua H.264 haitaifungua, hata ukibadili jina la faili kutoka .mp4 kuwa .avi. Kiendelezi ni jina tu. Kilichomo ndani kinaonekana kwa programu ya MediaInfo, au kwenye VLC ya kompyuta kwa kubonyeza Ctrl na J.

Ukitaka kuipima deki kwa haki, badili kitu kimoja kwa wakati. Chukua kipande cha dakika 1, flashi iliyofomatiwa FAT32 (mpangilio wa mafaili ambao deki nyingi huusoma), kisha tengeneza mafaili manne. La kwanza: AVI, picha ya Xvid isiyozidi pikseli 720×576, sauti ya MP3. La pili: picha na sauti zilezile zihamishiwe MP4 bila kubanwa upya. La tatu: MP4 yenye H.264, sauti ileile ya MP3. La nne: AVI ya kwanza, ila sauti iwe AC3, kodeki nyingine ya sauti.

La kwanza likicheza na la pili likakataliwa, deki haijui kontena la MP4. La pili likicheza na la tatu likatoa sauti bila picha, H.264 ndiyo iliyoshindikana. La nne likitoa picha bila sauti, tatizo ni kodeki ya sauti. La kwanza nalo likigoma, kagua flashi kwanza, maana deki nyingi hazisomi flashi iliyofomatiwa NTFS wala exFAT. Hata Xvid yenyewe huweza kuganda au kutoa vigae, kama aliyeibana aliwasha QPel au GMC (mbinu za ziada za kubana picha), au aliruhusu kbps (kilobiti kwa sekunde) nyingi kuliko chipu inavyoweza kumudu.

Kontena likikataliwa peke yake, kuhamisha kwa programu ya ffmpeg na amri -c copy (nakili bila kubana upya) ni suala la sekunde na ubora haupungui. Kodeki ikikataliwa, sharti ubane upya na usubiri:

ffmpeg -i muvi.mp4 -vf scale=640:-2 -c:v mpeg4 -vtag xvid -b:v 1200k -c:a libmp3lame -b:a 128k muvi.avi

Kwa hiyo muuzaji akiulizwa kama deki "inasoma MP4", ndiyo au hapana haimsaidii mteja. Afadhali aseme: "Inasoma Xvid ndani ya AVI mpaka 720×576, sauti MP3 au AC3, H.264 haisomi."