Wakuchin sio kuchanjwa, jamani

Kuna kauli naisikia kila mara kwa wanaojifunza Kijapani: "kuchanjwa kwa Kijapani ni wakuchin, wamekopa tu Kiingereza." Leo nimeshindwa kunyamaza. Wakuchin ni ile dawa yenyewe iliyo kwenye kichupa, kitendo cha kuchanja ni yobō sesshu, basi.

Alafu hicho Kiingereza mmekitoa wapi? Ni Kijerumani hicho, Vakzin, ndo maana ina k, sababu madaktari wa Japani enzi za Meiji (mwishoni mwa karne ya 19) walisomea udaktari kwa Kijerumani, hata faili la mgonjwa mpaka leo wanaliita karute. Na Wajerumani nao wametoa kwenye Kilatini, vacca, yaani ng'ombe, kisa Jenner, daktari wa Uingereza, 1796 alichukua usaha wa ndui ya ng'ombe akampandikiza mtoto.

Sasa utamu uko kwenye sesshu. Yobō ni kukinga tu, haina maneno, ila sesshu ina herufi mbili, ya kwanza kugusa au kuunganisha, ya pili mbegu, ndo herufi hiyohiyo ya mbegu ya tikiti. Chanjo ya ndui waliita shutō, kupanda mbegu ya ndui, na mbegu kweli, maana 1849 vigaga vya ndui ya ng'ombe vilifika Nagasaki kwa meli ya Waholanzi, vikatolewa mkono wa mtoto mmoja kwenda wa mwingine kama miche, na mwaka huohuo daktari Ogata Kōan akafungua kituo cha kuchanja Osaka. Sisi kwenye kuchanja tuliona wembe, wao wakaona shamba.

Wengine wanasema chūsha. Hiyo ni sindano, iwe ya chanjo au ya malaria (na ukiitamka tu bila herufi unaweza kueleweka unaongelea kupaki gari). Chanjo ya rota wanaweka matone mdomoni, sindano hakuna, na bado ni yobō sesshu.

Mtaani utasikia wakuchin o utsu, na utsu ni kupiga, kama tunavyopiga sindano huku kwetu, kwahiyo kwenye stori wakuchin inapita wala hakuna atakayekucheka. Ila ukishika boshi techō, kile kijitabu cha mama na mtoto, ukitaka kujua mtoto kachanjwa nini, ukurasa wa kufungua umeandikwa yobō sesshu no kiroku.