Jeni Ikisomwa, Kazi Yake Haijajulikana

Kijiko kimoja cha tope la mikoko ya Kunduchi kina bakteria wengi mno, na siku hizi kusoma DNA yao si shughuli kubwa. Shughuli ni kujua kilichosomwa kina kazi gani. Jenomu (DNA yote) ya E. coli, bakteria aliyechunguzwa kwa miongo mingi, ilipochapishwa mwaka 1997 ilikuwa na jeni 4,288 za protini, na asilimia 38 kati yake hazikujulikana kazi. Huyo tuliyemzoea! Wa topeni je?

Tunaanzia kwenye kompyuta. Mfuatano wa jeni hulinganishwa na mingine iliyohifadhiwa kwenye kanzidata. Ukifanana na wa kimeng'enya (protini inayoharakisha mabadiliko ya kikemia) kinachovunja wanga, tunaandika "huenda ni amilesi". Bahati mbaya hiyo "huenda" hudondoka njiani, jina la kukisia likanakiliwa huku na kule mpaka likaonekana limethibitishwa. Muulize fundi magari wa Gerezani, Dar es Salaam: spea mbili zinaweza kufanana kabisa, na moja isiingie kwenye gari lako.

Kwa hiyo jeni hupandikizwa kwenye plasmidi, kipande cha DNA cha duara, kisha huingizwa ndani ya E. coli wa maabara ili aitengenezee kimeng'enya. Seli huvunjwa, na maji yake hudondoshwa kwenye kitundu kilichotobolewa katika sahani ya agari, jeli ya maabara, yenye wanga. Kesho yake tunamwagia iodini. Sahani yote hugeuka bluu iliyokoza, karibu nyeusi, lakini pale wanga ulipovunjwa hubaki duara lisilo na rangi.

Niliwahi kulishangilia duara hilo mapema mno. Sikuwa nimeweka kitundu cha pili, cha seli zenye plasmidi tupu, isiyo na jeni yetu. Nilipokiweka, nacho kikatoa duara, tena la ukubwa uleule. E. coli ana amilesi yake mwenyewe ndani ya seli. Ndiyo niliyokuwa naishangilia.

Ikabidi kimeng'enya kitengwe na kusafishwa, kazi ya wiki kadhaa. Kikiwa peke yake, wanga hakikuugusa. Tulipokipa maltosi, sukari ya glukosi mbili zilizoungana, kikaikata. Jamii ni ileile ya amilesi, ndiyo maana kompyuta ilikisia vile. Kwenye daftari nikakata neno "amilesi" kwa kalamu nyekundu.