Mkia wa Farasi Ukae Chunguni, Usiende Mtoni

Tangu mmea uitwao mkia wa farasi uanze kupendwa na wapamba bustani wa Nairobi na miji mingine, swali linalofika mezani petu ni lile lile: nikiuotesha kando ya kijito changu, nitakuwa nimevunja sheria? Bila kibali, ndiyo. Na kijito hicho, kwa taarifa, si chako hata kikikata shamba lako katikati.

Mmea wenyewe mnaujua: mashina ya kijani yaliyonyooka, yenye vifundo, yasiyo na maua. Unaouzwa sana vitaluni ni Equisetum hyemale, wenye asili ya nchi za kaskazini. Upo pia wa hapa Afrika Mashariki, Equisetum ramosissimum, na hapo ndipo watu hung'ang'ania: kama ni wa asili, kosa liko wapi? Kifungu cha 42 cha Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira ya 1999 kinakataza kupanda mmea au kipande chake, uwe wa kigeni au wa asili, uwe hai au umekufa, katika mto, ziwa au ardhi oevu bila idhini ya maandishi ya Mkurugenzi Mkuu wa NEMA, mamlaka ya mazingira ya Kenya, idhini ambayo hutolewa baada ya tathmini ya athari kwa mazingira. Narudia: wa kigeni au wa asili.

Tatizo liko chini ya udongo. Mizizi-shina yake hutambaa mbali, na kipande chenye kifundo huchipua upya. Anayeupiga jembe akidhani anaumaliza, anauzidisha. Mafuriko nayo hubeba vipande hadi kwa jirani wa chini. Afrika Kusini imeuweka hyemale kwenye orodha ya mimea vamizi.

Ukikutwa umeupanda mtoni, NEMA inaweza kukupa amri ya kurejesha mazingira yalivyokuwa. Una siku 21 tangu kukabidhiwa kuomba kwa maandishi, ukieleza sababu, ili amri iangaliwe upya. Ombi hilo halisimamishi amri. Inabaki na nguvu hadi ibadilishwe, isitishwe au ifutwe. Usipotii, Mamlaka inaweza kuifanya kazi hiyo yenyewe kisha ikudai gharama. Adhabu ya jumla, kifungu cha 144, ni kifungo cha mwaka 1 hadi miaka 4, au faini ya shilingi milioni 2 hadi milioni 4, au vyote viwili. Kusema kwamba aliyepanda ni fundi wa bustani hakukuondolei wajibu.

Wanaoagiza miche kutoka nje waanzie KEPHIS, shirika la serikali la ukaguzi wa afya ya mimea: kibali cha kuingiza mimea hupatikana kabla mzigo haujasafirishwa, na mzigo uje na cheti cha afya ya mimea cha nchi utokako. Kuuficha kwenye sanduku la nguo si njia ya mkato.

Nyumbani, utumie chungu kisicho na tundu au birika la saruji, udongo ukiwa na maji wakati wote. Mashina yana silika nyingi, yaani madini magumu kama ya mchanga, ndiyo maana tangu zamani yametumika kusugulia sufuria na kulainishia mbao. Umoja wa Ulaya ulikubali mwaka 2014 maji yaliyochemshwa kwa jamii nyingine, Equisetum arvense, kunyunyiziwa mimea dhidi ya magonjwa ya ukungu. Arvense, si huo wa kwenye chungu chako.

Kuunywa kama chai ni jambo jingine. Mimea hii ina kimeng'enya kinachoharibu vitamini B1, na farasi waliolishwa nyasi kavu zilizochanganyika nayo wameugua na kufa. Jamii zake hufanana mno, na baadhi zina sumu zaidi. Mwenye ugonjwa wa moyo au figo amwone daktari kwanza. Muuza miche si daktari.

Mabaki ya kupogoa yaanikwe juani juu ya saruji hadi yakauke kabisa, kisha yatiwe kwenye taka za nyumbani. Yasitupwe mtaroni, maana mitaro mingi huishia mtoni.